Shajara ya mradi: kusafisha udongo wa gereji ya zamani Nkuhungu, Dodoma, kwa bakteria na ukoka

Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na makosa, ili mwenye uwanja kama huu aanzie nilipofika mimi. Udongo mwingi wa mjini umeharibika hivi hivi na watu wanaishi juu yake.

12 Oktoba 2024. Uwanja ulivyo

Hapa palikuwa gereji ya marehemu baba kwa miaka 19. Oili chafu ilimwagwa palepale gari lilipofunguliwa, kwa sababu wakati ule hakuna aliyetwambia vinginevyo. Gereji ilifungwa mwaka 2021. Mvua tatu zimepita na doa bado lipo: mita 9 kwa 7, jeusi, limekauka juu kama lami. Ukipiga sururu linamomonyoka mabonge yanayong'aa ndani, na harufu yake inakaa kwenye nguo hadi ufue mara mbili. Pembeni ni udongo wetu wa kawaida wa Dodoma, mwekundu, wa kichanga, unaoganda juu mvua ikikatika.

Mama anataka sehemu ya kupanda mchicha na matembele. Nilimwomba anipe msimu mmoja. Akanijibu, "Chukua hata miwili, mwanangu, ila usiniletee sumu kwenye sufuria." Hilo ndilo sharti la mradi.

Njia rahisi ingekuwa kuchimba na kupakia lori. Ukichimba sentimita 30 tu unapata mita za ujazo karibu 19, na dereva niliyemuuliza alisema angekwenda kumwaga korongoni. Mji huu umeishi miaka mingi kwa maji ya ardhini, visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, na jirani yetu ana kisima chake hatua chache kutoka ukutani. Sitahamisha uchafu wetu kwenda kwenye maji ya mwingine.

Nitakachojaribu kinajulikana kitaalamu. Udongo wowote una bakteria wanaoweza kula mafuta ya petroli: jamii za Pseudomonas, Bacillus, Rhodococcus, Acinetobacter na wengine. Mafuta kwao ni chakula, yaani kaboni. Huanza na minyororo mifupi iliyonyooka, halafu ile yenye pete, na mwisho kabisa vile vizito vinavyofanana na lami. Hatua ya kwanza ya kuuvunja mnyororo ni kuupachika oksijeni, kwa hiyo pasipo hewa kazi inalala. Kilo moja ya mafuta huhitaji kilo 3 na ushee za oksijeni ili iishe kabisa. Wanahitaji pia unyevu, naitrojeni na fosforasi, na oili haina hivyo viwili vya mwisho kwa kiasi cha maana.

Mmea unaingia hapo. Mzizi hutoboa njia za hewa na maji, na hutoa sukari na tindikali zinazowalisha bakteria. Mjerumani Lorenz Hiltner aliupa ukanda huo wa udongo unaozunguka mizizi jina la kitaalamu la rhizosphere mwaka 1904, na tangu hapo imepimwa mara nyingi kwamba bakteria hapo huwa wengi kuliko kwenye udongo mtupu, mara 10 hadi 100.

26 Oktoba 2024. Sampuli

Nimechota udongo, nikaujaza kwenye chupa ya kioo na kuutuma maabara Dar es Salaam kupima jumla ya haidrokaboni za petroli, yaani mafuta yote yaliyomo. Shilingi 150,000.

Nimenunua buti na glavu nzito za mpira, 28,000. Usiguse udongo huu kwa mikono mitupu. Oili iliyokwisha kutumika ina vitu vya kudhuru ngozi na vingine vinavyosababisha saratani, vibaya kuliko oili mpya.

9 Novemba 2024. Vitalu vinne, na maji yanayogoma

Vibarua wawili, siku moja, 30,000. Tulichimba vitalu vinne vya mita 2 kwa 2, kina sentimita 20, udongo wote tukaumwaga juu ya turubai (30,000), tukavunja mabonge, tukachanganya, tukaurudisha kwa mafungu sawa. Nilitaka vyote vianze mstari mmoja. Kopo moja la mchanganyiko huo nimelikausha na kulihifadhi ndani.

Kitalu namba 1 hakiguswi tena. Namba 2 kitapata mbolea, maji na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili, bila mmea. Namba 3 mbolea, maji na mimea. Namba 4 kama namba 3, pamoja na pakiti ya bakteria wa dukani. Samadi ya ng'ombe kirikuu moja, 35,000. Mashudu ya alizeti gunia moja, 36,000.

Tatizo likajitokeza siku hiyo hiyo. Nilimwaga keni nzima kwenye kitalu namba 3 na maji yakakimbilia kona, udongo chini ukabaki mkavu kama unga. Nikadondosha tone moja juu ya udongo uliosawazishwa nikashika saa. Lilikaa kama shanga, likiakisi mwarobaini ulio juu yangu, dakika 4 kamili ndipo likazama. Udongo wa kawaida hulinywa tone chini ya sekunde 5. Sasa nafanya kipimo hiki kila mwezi, matone kumi kwa kila kitalu, kwa sababu hakina gharama na kinasema ukweli.

Dawa yake ilikuwa subira. Kwanza samadi niliilowesha kwenye pipa usiku kucha, nikaichanganya na udongo ikiwa bado imelowa. Halafu chupa za maji za lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa kwa sindano, nikazichomeka kichwa chini, kumi kwa kila kitalu. Siku ya tano unyevu ulikuwa umefika chini.

23 Novemba 2024. Yurea

Hili ndilo kosa kubwa la mradi wote, nalieleza kwa urefu.

Majibu ya maabara yalikuja: miligramu 58,000 za haidrokaboni kwa kilo ya udongo, yaani karibu asilimia 6. Kitalu kimoja kina udongo wa tani 1.1 hivi, kwa hiyo mafuta kilo 64, na ndani yake kaboni kilo 54. Kanuni inayotajwa sana ni kaboni 100 kwa naitrojeni 10 kwa fosforasi 1. Naitrojeni ikatoka kilo 5.4. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo karibu 12 kwa kitalu. Niliona ni nyingi nikaweka nusu: kilo 6 kwa kila kitalu, namba 2, 3 na 4, zote kwa mkupuo mmoja, na DAP, mbolea yenye fosforasi, kilo moja moja. Yurea 18 kwa 1,800 ni 32,400, DAP 7,500. Siku iliyofuata nikapanda alizeti.

Mkulima yeyote wa Kongwa au Mpwapwa angenizuia. Kilo 6 kwenye mita za mraba 4 ni sawa na tani 15 kwa hekta. Nilikuwa nimeishika hesabu ya bakteria nikaisahau ya mmea.

14 Desemba 2024. Alizeti zote zimekufa

Mbegu 60 kwa kitalu. Namba 3 zilichomoza 11, namba 4 zilichomoza 9. Ncha za majani zikageuka kahawia siku ya nne na kufikia siku ya kumi hakuna iliyosimama. Asubuhi ukiinama juu ya kitalu macho yalikuwa yanawasha kwa amonia.

Bakteria nao walikuwa wamekwama. Nilijua hivyo kwa kipimo cha chokaa, ambacho yeyote anaweza kukifanya. Chokaa ya kupaka ukuta unaikoroga kwenye maji, unaiacha usiku, asubuhi unachota yale maji angavu ya juu. Unaweka nusu kilo ya udongo mbichi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, na juu yake kikombe kidogo cha maji hayo. Bakteria wakipumua hutoa kabonidayoksaidi, na maji ya chokaa hugeuka kama maziwa. Kopo la kitalu namba 2 lilikaa siku mbili maji yakiwa angavu, wakati udongo msafi wa chini ya mwarobaini uliyafanya meupe usiku mmoja.

Marekebisho: nimekatakata mabua ya uwele vipande vya kidole, ndoo sita kwa kitalu, nikavifukia. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo wadudu wanaoyaozesha huikamata naitrojeni iliyozidi na kuishika miilini mwao. Mvua ya kwanza ya maana ilikuja wiki hiyo hiyo ikasaidia kupunguza chumvi.

11 Januari 2025. Sampuli ilikuwa ya uongo

Baada ya alizeti kufa nilirudi mwanzo kabisa: ile chupa niliyotuma Oktoba niliijazia wapi? Niliijazia penye weusi zaidi, kando ya shimo la kumwagia oili, kwa sababu nilidhani napima hali mbaya kabisa. Lakini mbolea yangu niliipigia hesabu kwa uwanja wote kutokana na sehemu moja.

Nikatoa lile kopo la mchanganyiko wa Novemba, nikalituma. Shilingi 150,000 nyingine. Jibu: 31,400. Karibu nusu. Ukitumia namba hiyo, naitrojeni inayohitajika kwa kitalu ni kilo 2.9, na si ya siku moja, ni ya mwaka mzima au zaidi, nyingi yake itoke kwenye samadi na mashudu yanayoachia polepole. Wewe usifanye nilivyofanya: chota sehemu tisa au kumi, changanya kwenye ndoo safi, tuma mchanganyiko.

18 Januari 2025. Ukoka

Nilikuwa natafuta mmea mwingine na jibu lilikuwa mlangoni. Kwenye ukingo wa doa, upande wa bomba, ukoka umetambaa sentimita 40 ndani ya weusi. Hakuna aliyeupanda. Nilikata kipande kwa kisu, nikakiinua taratibu. Mizizi yake ni myembamba kama nyuzi za katani, imeushona udongo, na punje za udongo zilizoshikwa nayo zilikuwa za kahawia, laini, zinapukutika. Sentimita tano pembeni, pasipo mzizi, udongo ule ule ulikuwa bonge jeusi. Nikamwita mama aje aone. Alinusa vyote viwili, akasema huu una harufu ya shamba.

Ukoka ule umeishi na oili kwa miaka, na bakteria walio kwenye mizizi yake wameizoea oili hiyo hiyo. Kwa hiyo nimehamisha vipande pamoja na udongo wake, sikuvisafisha mizizi. Nafasi sentimita 25. Kila kipande nimekiwekea kikombe cha udongo msafi na samadi iliyoiva, ili mzizi upate pa kuanzia kabla haujaingia kwenye uchafu. Kati ya mistari nimepanda kunde, kwa sababu kunde ina bakteria wake kwenye vinundu vya mizizi wanaochukua naitrojeni hewani, na hiyo huja kwa kipimo, haiunguzi. Mbegu zote za msimu, pamoja na alizeti zilizokufa, 8,000.

Vipande 64 vimepandwa namba 3, na 64 namba 4.

22 Februari 2025. Pakiti ya bakteria

Pakiti ya unga niliinunua kwa wakala kwa 85,000. Maelezo yalisema changanya na maji ya vuguvugu yenye sukari, acha saa 24, mwagia. Nilifanya hivyo Januari kwenye namba 4, nikarudia baada ya wiki mbili.

Makopo ya chokaa mwanzoni yalinipotosha. La namba 4 liligeuka maziwa haraka kuliko yote nikafurahi. Shemeji ndiye aliyeuliza: je, hiyo si samadi na sukari inayopumua? Swali zuri sana. Nikaongeza kopo la udongo msafi wenye samadi ile ile na kiasi kile kile cha sukari, nalo likawa jeupe sawasawa na la namba 4. Tangu siku hiyo kila kipimo cha chokaa kina kopo la namna hiyo la kulinganishia, na kilichozidi juu yake tu ndicho nakihesabu kuwa mafuta yanayoliwa.

Wiki ya tano, sukari ikiwa imekwisha, nilipima tena. Namba 3 na namba 4 zilikuwa sawa kabisa, na ukoka umetambaa sawa. Kwa uwanja wangu pakiti haikuongeza kitu.

Nimesoma sana kuhusu jambo hili tangu hapo, na linaonekana ni la kawaida. Bakteria aliyekuzwa kiwandani akiingia kwenye udongo anakuta wenyeji wenye njaa na wanaolijua joto la pale. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Ananda Mohan Chakrabarty, mwanasayansi aliyezaliwa India, ikakubali bakteria wake wa kula mafuta, aliyebadilishwa vinasaba, alindwe kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kiumbe hai kilichotengenezwa kwa namna hiyo. Miaka tisa baadaye meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska, kilichotumika kwa upana ufukweni kuwasaidia bakteria ilikuwa mbolea ya naitrojeni na fosforasi, kuwalisha waliokuwapo tayari. Ningekuwa nimeyajua haya Oktoba, ile 85,000 ingelipa sampuli.

8 Machi 2025. Kona ya betri

Fundi mkuu wa zamani wa gereji alikuja kumsalimia mama. Alipoona vitalu akanionyesha kona ya ukuta wa mashariki. "Hapo kijana wangu tulikuwa tunapasulia betri." Nilituma sampuli ya kona hiyo peke yake kupimwa risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri, 60,000. Jibu: miligramu 1,900 kwa kilo. Kulinganisha tu, Marekani mwaka 2024 walishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200.

Hapa bakteria hawana msaada na ni lazima lisemwe wazi. Mafuta ni kaboni na haidrojeni, yanavunjika yakawa maji na hewa. Risasi ni elementi. Hakuna kiumbe anayeivunja ikawa kitu kingine. Mimea huifyonza kidogo sana na nyingi hubaki mizizini, na mmea wenyewe unakuwa takataka ya sumu. Mtoto akicheza hapo na kulamba vidole, huumia ubongo.

Nilichofanya: nimechanganya mbolea ya Minjingu, ile fosfeti ya Manyara, kilo 25 kwa 20,000, kwenye mita za mraba mbili na nusu, kwa sababu fosfeti hushikana na risasi ikawa madini yasiyoyeyuka kirahisi. Nikalowesha, nikaacha wiki tatu, kisha nikamwaga zege juu: saruji mifuko mitatu 51,000, mchanga na kokoto 20,000. Hapo panawekwa pipa la maji ya kufulia. Hapatalimwa.

Kabla hujaanza mradi wowote wa namna hii kwenye gereji, mtafute mtu aliyefanya kazi pale umuulize betri zilipasuliwa wapi. Mimi ningepaswa kumtafuta kabla ya jembe la kwanza.

19 Aprili 2025. Sabuni

Jirani alinishauri sabuni ya unga: kama inatoa mafuta kwenye sahani, itatoa kwenye udongo. Kitalu namba 4 kilikuwa kimemaliza kazi ya kulinganisha pakiti, nikajaribu humo. Gramu 200 kwenye lita 40.

Juu palionekana pazuri baada ya siku tatu, tone la maji lilizama mara moja. Wiki ya pili nilichimba. Chini ya sentimita 20, ambapo Novemba palikuwa pekundu, palikuwa na mkanda mweusi hadi sentimita 35. Sabuni ilikuwa imeyabeba mafuta kwenda chini, pasipofika hewa na mizizi bado haijafika. Kopo la chokaa la namba 4 nalo likanyamaza, na ukoka ukawa wa njano.

Hilo silirudii. Bakteria wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanana na sabuni, lakini kidogo kidogo na pale pale wanapokula. Namba 4 nimeichimbua hadi sentimita 40, nikachanganya mabua na samadi iliyobaki, nikapanda ukoka upya kutoka namba 3. Kibarua 15,000. Katika hesabu ya mwisho namba 4 haitaingia.

Juni hadi Novemba 2025. Kiangazi

Hapa Dodoma mvua huisha Aprili na hairudi hadi mwisho wa mwaka. Udongo ukikauka bakteria hawafi wote, wanalala. Ukitaka mafuta yaendelee kuliwa lazima uwanyweshe. Vitalu namba 2, 3 na 4 vilipata madumu 12 ya lita 20 kwa wiki, vyote kwa pamoja, kutoka kisima cha jirani kwa 100 kila dumu. Wiki 22, jumla 26,400.

Oktoba saa nane mchana niliweka kipimajoto juu ya udongo. Kitalu namba 1, cheusi na kitupu, nyuzi 51. Namba 3, chini ya ukoka, nyuzi 36. Bakteria wengi wa kazi hii hupenda kati ya 25 na 40. Kivuli cha majani yenyewe kumbe ni sehemu ya dawa, na sikuwa nimekipangia.

Mbuzi waliingia mara mbili wakala kunde. Mwenye mbuzi nilimweleza vizuri kwamba majani haya si chakula, akanisaidia kuweka uzio wa miba. Kunde na ukoka tunaokata tunaurudisha juu ya kitalu kama matandazo, hautoki uwanjani.

Namba 2 niliigeuza kila wiki mbili kama ilivyopangwa. Jembe la kwanza la Julai lilitoa mabonge. Namba 3, ambayo haikuguswa na jembe tangu Januari, ilikuwa inachimbika kwa mkono.

22 Novemba 2025. Majibu

Sampuli tatu, kila moja kutoka sehemu tisa, 450,000. Mwanzo wa vyote, miligramu 31,400 kwa kilo.

Namba 1, ambacho hakikuguswa: 28,900.
Namba 2, mbolea, maji na kugeuza: 17,600.
Namba 3, hivyo hivyo, lakini ukoka na kunde badala ya jembe: 10,200.

Tone la maji: namba 1 bado linakaa dakika 3, namba 2 sekunde 20, namba 3 sekunde 3. Mbegu 20 za mchicha nilizozisia kwenye makopo ya udongo huo: zilichomoza 2, 9 na 17.

Namba 3 uchafu umepungua zaidi ya theluthi mbili kwa mwaka mmoja. Kilichobaki ndicho kizito zaidi, na najua kasi itapungua. 10,200 bado ni udongo mchafu. Nimemwonyesha mama karatasi ya maabara, nikamwambia mchicha bado. Akauliza, "Na nikiweka maua?" Maua sawa. Amepanda vichaka vitatu vya asmini kwenye ukingo wa namba 3.

Gharama zote hadi leo: shilingi 1,234,300. Maabara peke yake 810,000, karibu theluthi mbili. Ukiondoa maabara, pakiti na kona ya betri, kazi yenyewe ya vitalu imekula 248,300, na ndani yake kuna yurea iliyounguza. Anayerudia bila majaribio yangu, kwa eneo kama hili, anahitaji samadi, mashudu, maji, buti na glavu, vipande vya ukoka wa ukingoni mwa doa lake mwenyewe, sampuli moja ya mafuta iliyochanganywa vizuri mwanzoni na moja mwishoni, na moja ya risasi. Yurea ukiitumia, isizidi gramu 100 kwa mita 4 za mraba kila baada ya wiki mbili, na uiache wiki mmea ukionyesha ncha za kahawia.

6 Desemba 2025. Kitalu namba 1

Mvua imenyesha juzi usiku. Kitalu namba 1 kimetimiza kazi yake ya kulinganisha na hakuna sababu ya kukiacha na mafuta yake. Leo asubuhi nimechanganya samadi iliyoloweshwa, nimechomeka chupa kumi, na nimekata vipande 64 vya ukoka kutoka namba 3, kila kimoja na bonge la udongo wa kahawia kwenye mizizi. Mama ameketi kwenye kigoda akinipokeza kimoja kimoja. Sehemu iliyobaki ya doa, nje ya vitalu vyote, itaanza Jumatatu kwa njia hiyo hiyo, bila alizeti, bila pakiti na bila sabuni.